Tulivyomshitaki Mbawala

Mwaka ule nguruwe pori walitumaliza, nasi tukaenda kumshitaki mbawala.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mtua kutoka Dar es Salaam si muda mrefu. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, kibanda changu cha chipsi kilikuwa kimekufa pamoja nayo, na mama yangu alikuwa peke yake na shamba linalomzidi nguvu. Nikaja nikashika jembe. Wanakijiji walinipokea vizuri, ila walikubaliana kwamba kitu pekee cha maana nilichorudi nacho kutoka mjini ni Kiswahili. Wazee wetu wengi wanakijua Kiswahili cha kununulia chumvi. Likija jambo la serikali wanarudi kwenye Kimwera chao na kutafuta mtu wa kuwavusha. Mtu huyo nikawa mimi.

Shamba la mama liko upande wa kuelekea Chiola, kando ya korongo lenye kichaka kinene. Juu kuna mikorosho aliyoipanda babu. Chini, kwenye udongo mweusi, tulikuwa na mihogo, karanga, njugu mawe na kunde. Nguruwe walikuwa wanatoka korongoni kwa ukoo mzima, baba, mama na watoto, wanapita shambani kama trekta lililopoteza dereva. Asubuhi unakuta mashimo ambayo ungeweza kumzika mbuzi. Mihogo imeng'olewa na kuumwa mara moja moja tu, kama vile wageni waliitwa kuonja na hawakupendezwa na mpishi.

Mbawala alikuwa jambo lingine. Huyu ni mnyama wa ukubwa wa mbuzi aliyeshiba, mwekundu, ana madoa meupe ubavuni kana kwamba mtu alimrushia unga akiwa anapita. Alikuja alfajiri, akachuma vichwa vya kunde, vile vilaini ambavyo mama mwenyewe angevichuma, akaondoka bila kukanyaga tuta. Mama alikasirika, lakini alikasirika kwa heshima.

"Huyu kachezwa unyago," alisema siku moja, akiangalia mashina yaliyokatwa vizuri. "Anachuma na kubakiza."

Kwa nguruwe hakuwa na neno la namna hiyo. Hata jina lake hakulitaja. Alisema "wale" na kutema mate pembeni.

Tungefanya nini? Zamani mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwindaji. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli ya ukoo, na huyu alikuwa na kauli na gobore pia. Silaha zilipotakiwa kurudishwa alilipeleka mwenyewe kituoni, amelifunga kwenye kanga ya mkewe kama anapeleka mgonjwa hospitali. Tangu hapo alibaki na hadithi. Wanyama wote wa porini ni mali ya serikali, ukimchoma mkuki hata yule anayekula chakula cha watoto wako, utaulizwa nyara ya serikali umeipata wapi. Nguruwe walikula mihogo yetu kwa kinga ya sheria, na walinenepa.

Hatimaye mwenyekiti wa kijiji alimpigia simu afisa wa wanyamapori Nachingwea mjini. Kwetu afisa huyo anaitwa bwana nyama. Ni jina la tangu zamani, hakuna aliyelitunga kwa kejeli, lakini ndilo lililotuponza. Mtu akiitwa bwana nyama, watu hawamtarajii aje na ushauri.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Alisimama na simu yake mkononi kama ushahidi.

"Bwana nyama yuko tayari kuja na bunduki," alisema. "Ila ameuliza swali. Mnyama gani anayewasumbua? Anataka jibu moja, aombee kibali."

"Nguruwe," alisema mzee mmoja wa nyuma, bila kufikiri.

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, tukisema nguruwe, atakuja kupiga nguruwe."

"Si ndiyo?"

"Haya. Amempiga. Amelala pale. Wewe utambeba?"

Pakawa kimya. Kijiji chetu ni cha Waislamu, mikono yetu haigusi mnyama yule, na kumpiga bila kumgusa maana yake ni kumwacha aoze kwenye njia ya kisima. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, siwezi kulikataa. Lakini katika kile kimya nilisikia kitu kingine pia, na kila aliyekuwepo alikisikia. Msimu wa korosho ulikuwa bado mbali, samaki wakavu walikuwa wamepanda bei, na watu walikuwa wamekula kisamvu kwa majuma bila kubadilisha. Kwetu chochote kinachosindikiza ugali kinaitwa mboga, iwe majani, iwe paja.

Mjomba akasimama. Alirekebisha kofia yake, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili neno lisije likapotea njiani:

"Mbawala. Anayetusumbua ni mbawala."

"Kweli kabisa," walisema watu.

Hata yule mzee wa nyuma akainua mkono. "Nilichanganya," alisema. "Mashamba yenyewe yako mbali, na macho yangu haya. Ni mbawala."

Bwana nyama alikuja na pikipiki kukagua kabla ya kuleta bunduki. Tulimtarajia mtu mzima mwenye tumbo. Akashuka kijana mrefu, mpole, mtu wa mikoa ya kaskazini, Mkristo, amevaa buti zilizomzidi kidogo. Alimpa shikamoo kila mzee mmoja mmoja, jambo lililotufanya tuone haya mapema kuliko tulivyopanga.

Tulimpeleka shambani kwa mama. Mjomba alitoa maelezo kwa Kimwera, akitembea katikati ya mashimo kwa fimbo, nami nilitafsiri.

"Anasema mbawala ameharibu mihogo yote hii," nilisema.

Kijana akachuchumaa kwenye shimo moja. Lilimfika kifuani.

"Mbawala ndiye aliyechimba hapa?"

Nikamuuliza mjomba. "Anasema ndiyo."

"Alichimba kwa kitu gani? Kwa miguu?"

Mjomba alifikiri. "Anasema kwa pembe."

"Kwa pembe." Kijana alichukua muhogo uliotafunwa, akaugeuza, akaurudisha chini taratibu. "Na karanga?"

"Anasema karanga pia."

"Na walikuwa wangapi, wa kufanya kazi kubwa namna hii?"

Mjomba hakusubiri tafsiri. "Ni mmoja," alisema kwa Kiswahili. "Lakini mbaya!"

Mama alikuwa amesimama pembeni, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi sikucheka. Mkalimani hatoi ushahidi wala hacheki, anabeba tu mzigo wa wenzake kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na siku hiyo mzigo ulikuwa mzito.

Kijana alinyoosha mgongo na kututazama sote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia.

"Sawa. Nitaomba kibali cha wote wawili, nguruwe na mbawala. Mbawala ni dume mmoja tu, jike siligusi. Ninyi mtazunguka kichaka kwa makelele, wanyama watoke upande wangu. Asiwepo mtu mwenye silaha."

Watu walishangilia. Mwenyekiti akamshika mkono kwa mikono miwili. Hapo ndipo mwalimu wa madrasa, mtu mwangalifu, alipokohoa.

"Samahani bwana. Kuna suala la kuchinja."

Akaeleza. Mnyama akipigwa na risasi ya mtu asiye wa dini yetu na akafa pale pale, wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile, lakini yeye mwenyewe hangekuwa na raha. La usalama ni Mwislamu amwahi kwa kisu angali anapumua. Kwa hiyo tulihitaji mkimbiaji.

"Hakuna shida," alisema kijana. "Ila huyo mwenye kisu atakaa nyuma yangu mpaka nimwambie nenda."

Akachaguliwa winga wa timu ya kijiji, mwenye mbio za kumpita mtu na kurudi kumsalimia. Watu waliondoka shambani wakijadili kama maini yatagawiwa kwa wazee au kwa wajane.

Siku ilipofika ilikuwa ni siku ya mpira Ruangwa, timu ya mkoa wetu inacheza ligi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Bwana nyama alikuwa amepata kibali na risasi kwa siku hiyo, na hakukuwa na siku nyingine. Asubuhi vijana wote walijazana kwenye Fuso, wengine wakadandia pikipiki, bendera zinapepea, wakaenda. Winga wetu alikuwa amekaa juu ya kabini, ananipungia mkono. Nilimkumbusha habari ya kisu kwa sauti ya juu kadiri nilivyoweza.

"Mama mdogo, mbawala yupo kila siku!" alinijibu. "Hii ni mechi ya nyumbani!"

Wakabaki wazee, wanawake, mwalimu wa madrasa, na mwenyekiti, ambaye wadhifa ulimzuia kwenda. Alikuwa ameweka redio ndogo kwenye mfuko wa shati na kipande cha waya sikioni.

"Nani atachinja?" aliuliza bwana nyama.

Mjomba alikuwa ameshakuja na kisu. Alikuwa amekinoa tangu alfajiri, amekivika ala ya ngozi ambayo sikuwahi kuiona, ya enzi zake za uwindaji. Alivaa kanzu fupi na raba za mwanawe.

"Kaka," mama alimwambia kwa Kimwera, "goti lako hilo."

"Sichinji kwa goti," alijibu.

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba ningeweza kulitafsiri goti. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesimama wima kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. Mtu aliyepeleka roho yake kituoni ikiwa imefungwa kwenye kanga alikuwa amerudishiwa, japo kwa mchana mmoja, na ni nani angemwambia arudi nyumbani? Mama akaenda kuchukua sufuria lake la kugonga.

Watu walijipanga upande wa juu wa korongo. Bwana nyama alishuka chini, akasimama kwenye ukingo wa shamba letu, mjomba nyuma yake, mimi nyuma ya mjomba kwa ajili ya lugha. Kisha makelele yakaanza. Madebe, masufuria, vigelegele, mama mmoja akiita majina ya wajukuu wake wote, maana ndiyo makelele aliyoyazoea.

Waliotoka kwanza ni nguruwe. Walitoka kwa mstari, dume mbele na meno yake nje, wakapita mbele ya bwana nyama kama watu wanaokwenda sokoni. Hao ndio waliokuwa wametulaza njaa. Kijana akainua bunduki, akalenga.

"Siyo huyo!" ilipigwa kelele kutoka juu.

"Muache apite!"

"Bwana, siyo huyo, usipoteze risasi!"

Mama yangu alikuwa mmoja wa waliopiga kelele. Bwana nyama alishusha bunduki, akageuka kunitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa na maswali mengi hivyo. Nguruwe wa mwisho, kitoto chenye mistari mgongoni, alisimama kuokota kitu, akachelewa, kisha akawafuata wenzake kwenye mihogo ya jirani.

Baadaye akatoka mbawala jike na mtoto wake. Walisimama kidogo kwenye jua. Sauti zote zilikatika, sijui kwa nini, hata madebe. Wakaruka mfereji na kupotea. Mjomba alikuwa anapumua kwa kinywa.

"Dume yumo," alinong'ona. "Dume hutoka mwisho. Anangoja tuchoke."

Alikuwa sahihi, na pengine dume angengoja hadi jioni kama mwenyekiti asingekuwa na redio. Makelele yalikuwa yamepungua, watu wanakunywa maji, mara tukasikia kutoka katikati ya kichaka sauti ya mtu aliyechanganyikiwa kwa furaha:

"Gooo!"

Dume likalipuka kutoka ubavuni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapatazama. Lilikuwa jeusi kuliko jike, pembe zimesokotwa, limeinamisha kichwa. Bwana nyama aligeuka na kupiga risasi moja. Mnyama aliyumba nyuma, akaangukia nyasi ndefu za upande wa pili wa mfereji, na nyasi zikafunga.

"Subiri," alisema kijana. "Mzee, subiri, amejeruhiwa tu—"

Lakini mjomba alikuwa ameshaondoka. Sijui goti lilikwenda wapi. Aliruka mfereji, kanzu imepanda juu, kisu kimetangulia, anasema bismillahi kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu utoto wangu.

"Mzee! Rudi! Mwambie arudi!"

Nilimwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa Kimwera. Nyasi zikatikisika upande mmoja, zikatikisika upande mwingine, pakasikika kishindo na mguno.

Bwana nyama alifika kabla yangu. Mjomba alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, amelishika paja lake kwa mikono miwili, na damu inatoka katikati ya vidole. Kisu kilikuwa kando yake, kisafi. Karibu naye kabisa, kichwa kimegeukia upande wake kama wanazungumza, dume lilikuwa limelala.

"Amenichoma, mwanangu," aliniambia, kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. Halafu akakumbuka. "Bado anapumua? Nisogezeni. Nisogezeni haraka."

Mwalimu wa madrasa alikuwa amekuja mbio. Aliinama, akaweka kiganja mbele ya pua ya mnyama, akangoja. Nyuma yake watu walikuwa wanafika mmoja mmoja na mabeseni yao.

"Ameshakata roho," alisema. "Innalillahi. Huyu ni mzoga."

Mama alilitupa sufuria lake na kupiga magoti kwa kaka yake. Bwana nyama alivua shati la kazi, akalichana, akaanza kufunga paja kwa nguvu. Mwenyekiti alifika wa mwisho, waya bado sikioni. Alipoona damu, akautoa waya polepole.

Tulimpeleka Nachingwea kwa pikipiki ya bwana nyama, yeye mbele na fulana, mjomba katikati, mimi nyuma nikimkumbatia mjomba asidondoke. Njia ilikuwa mbaya na mjomba alikuwa anamwomba kijana radhi njia nzima.

"Nisamehe mwanangu. Nimekuharibia kazi."

"Usiongee mzee. Nishike vizuri."

"Lakini ulimpiga vizuri. Mimi ndiye niliyechelewa."

Nilikuwa nimemshika na nilihisi mbavu zake, nyepesi kama za kuku. Nilikuwa nalia, na upepo ulinisaidia kuficha.

Hospitali walimwahi. Pembe ilikuwa imeingia ndani sana lakini mshipa mkubwa haikuugusa. Muuguzi aliyekuwa anamsafisha akauliza amechomwa na nini.

Mjomba alinivuta mkono. "Sema nyati," aliniambia kwa Kimwera.

"Anasema nini?" aliuliza bwana nyama, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na fulana yake yenye damu.

"Anasema ni nyati."

"Mzee wangu, ukisema nyati, itabidi nirudi kumtafuta huyo nyati."

Mjomba alifumba macho. "Mbawala," alimwambia muuguzi kwa uchungu.

"Mbawala si kama swala?" alisema muuguzi. Alikuwa msichana mchangamfu, hakuwa na nia mbaya. "Jamani babu! Huku wanaletwa watu wa tembo."

Nilimuuliza bwana nyama pembeni kama kuna kifuta machozi chochote ambacho serikali humpa mtu aliyeumizwa na mnyama. Aliangalia buti zake. Alisema kwa tembo kipo, kwa mamba kipo, lakini mbawala hahesabiwi katika wanyama hatari. Nilimpelekea mjomba jibu hilo, maana ndiyo kazi yangu.

"Basi nimechomwa na mpole," alisema, akageukia ukutani.

Kule kijijini, gari lilitumwa kutoka mjini kuchukua nyama. Liliibeba mbele ya macho ya watu walioshika mabeseni matupu. Vijana waliporudi kutoka Ruangwa walikuwa wamekaukiwa sauti kwa kuimba, timu imeshinda, na walishukia moja kwa moja kwa mwenyekiti kuuliza mafungu yao yako wapi. Nasikia winga wetu alipoambiwa yaliyotokea alikaa chini ya Fuso na hakutaka kula. Asubuhi yake mama alikwenda shambani akakuta wale wamemaliza hata mihogo tuliyoiacha kwa mbegu. Inaelekea walikuwa wamekuja na jamaa zao.

Mjomba alirudi nyumbani na fimbo mbili. Bwana nyama alikuwa anakuja kumwona kila apitapo upande wetu, na nadhani alikuwa anapita zaidi ya kazi inavyotaka. Aliniletea mimi machungwa nimpe mgonjwa, kana kwamba anaogopa kuyatoa mwenyewe. Walikaa barazani, kijana na mzee, na baada ya muda hawakunihitaji tena. Mjomba aligundua kwamba anajua Kiswahili kingi kuliko alivyodhani, kumbe alikosa tu mtu wa kuzungumza naye habari za nyayo na upepo.

Siku moja nilikuwa napepeta mchele karibu yao nikamsikia mjomba anasema, bila utangulizi:

"Mwanangu, walikuwa nguruwe."

"Najua, mzee."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu lile shimo la kwanza."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Kijana alimenya chungwa polepole. "Nilihitaji watu wa kuzungusha kichaka. Nikasema, niwape mbawala mmoja, watakuja wote kwa moyo, nami nitapiga nguruwe wengi watakavyotoka. Sikujua kwamba mtawatetea." Akaliweka chungwa chini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee, mimi silali vizuri. Ningesema ukweli siku ile, usingeumia."

Mimi niliacha kupepeta. Mjomba alinyoosha mkono, nikadhani anataka chungwa, kumbe alimshika yule kijana kisogoni, kama anavyowashika wapwa zake.

"Ningeumia," alisema. "Ningekimbia tu hata ungesema. Hukuniona nilivyoruka ule mfereji?"

"Nilikuona."

"Basi."

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Mwenyekiti, bila redio, aliuliza ni mnyama gani, na kijiji kizima kikasema nguruwe kwa sauti moja, kama darasa la kwanza. Swali la nani atabeba lilitatuliwa na bwana nyama mwenyewe. Aliwaleta watu wa mjini ambao hawana kizuizi hicho, na walibeba kwa furaha ambayo ilituacha tukitazamana. Vijana walizungusha kichaka, safari hii hapakuwa na mechi, na winga alikimbia mbele kuliko wote ingawa hakukuwa na cha kuchinja. Nguruwe waliopona walihama korongo. Msimu uliofuata tulivuna mihogo, tukavuna karanga, mama akapata njugu mawe za kutosha hadi akagawa.

Bwana nyama alituonya kabla ya kuondoka. Alisema mbawala wadogo na majike hupenda mahali penye utulivu, na korongo lisilo na nguruwe ni mahali pa utulivu sana. Tulimshukuru kwa maneno hayo bila kuyasikiliza.

Sasa mbawala wamejaa. Wamezaana mle korongoni, wanakuja alfajiri wawili wawili, majike na vijana wao, na kunde za kijiji kizima zimebaki vijiti. Safari hii ni kweli, ni wao, na hakuna mtu anayetaka kulisema. Mwenyekiti alipouliza mkutanoni kama kuna malalamiko yoyote kuhusu wanyama, watu waliangalia juu, wakaangalia chini, kisha wote pamoja wakaangalia paja la mjomba. Mjomba alilivutia kanzu.

"Wanyama hawana neno," alisema.

Tumejifunza kufanya mambo madogo. Tumepanda kunde karibu na nyumba, na kule shambani tumezungushia miiba. Zamu ya kulinda tunagawana, na ya alfajiri aliichukua mjomba mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Juzi nilimpelekea uji. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda na debe lake magotini, na mbele yake, karibu sana, jike lilikuwa ndani ya miiba linachuma. Lilikuwa limepata mwanya. Mjomba alikuwa ameinua kijiti cha kugongea, amekiacha hewani.

"Mjomba," nilimnong'oneza, "gonga."

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyu anabakiza."

Mama, nilipomweleza, alisema kaka yake amezeeka. Kisha akachukua ungo, akaenda kuchuma kunde zilizobaki, tukazipika mchana kwa nazi.